Tulikwenda Mapumziko, Tukapewa Pole

Nyumbani, chumba cha cherehani,
S.L.P. 418.
Jumamosi, 24 Agosti.

Mpendwa wifi yangu, mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno,

Kabla sijafungua mdomo, niambie kwanza: hamjambo huko? Magoti ya mama mkwe yamepoa, au bado anapanda ngazi huku akizilaumu moja moja? Mapacha wameota yale meno ya mbele? Na shemeji, bado anajifanya anajua kupika? Barua yako ya mwisho ilikuja na mafua, wifi. Ulisema unaandika huku unapiga chafya, nami nikaisoma huku nikisema "afya, afya" peke yangu kama mwehu. Natumaini umeshapona.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu unanung'unika kwa sababu ya sare za shule, lakini cherehani ikinyamaza ndipo nitakapoumwa kweli. Meneja, mpwa wako mkubwa, amerefuka mpaka suruali zake zote zimekuwa za kuvukia mto, na bado anatoa amri kwa kila anayepita. Na Pini wetu, uliyemwita Pini wewe mwenyewe siku aliyozaliwa kwa vile alivyokuwa mdogo, sasa ana miaka sita na pengo la jino moja analomwonyesha kila mtu, atake asitake.

Najua hapa umeshaanza kusonya. Uliniuliza jambo katika barua mbili, na mara zote mbili nikajifanya sikuona mstari huo. Uliuliza kama kaka yako na Pini wameshazoeana. Wifi, sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na niliona aibu kuliandika. Ulijionea mwenyewe ulipokuja: mtoto akimwona baba yake anatoka chumbani, anajificha nyuma ya sketi yangu, anatoa shikamoo kama anayemwamkia msoma mita ya maji, halafu hayupo. Nilikuwa najilaza na wazo hilo kila siku: mtoto wangu anakua na baba nyumba moja, na hawajuani. Leo nina cha kukujibu. Ni kirefu, kwa hiyo vuta kiti.

Kazi ya kaka yako unaijua. Anaoka mikate usiku ili watu wainywee chai asubuhi. Anarudi watoto wakifunga kamba za viatu, na wakitoka shule wanamkuta usingizini. Amefanya hivyo tangu Pini yuko tumboni. Kwa hiyo nyumba hii, mimi ndiye niliyeifundisha kunyamaza. Bawaba za milango nazipaka mafuta ya kupikia. Mfuniko wa sufuria naufunga kitambaa. Viatu vinavuliwa nje. Redio tumeivalisha sweta. Watoto wangu wanaongea kwa vidole: kimoja maana yake chakula, viwili ni kuoga, kiganja ni "kimya, subiri", ngumi ni "nitakufinya". Pini akitaka kupiga chafya anakimbilia mto. Majirani walikuwa wakinisifu, ooh, watoto wako wana adabu! Nami navimba kichwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, na mimi nililea watoto wa kunong'ona.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi huu tanuri la kiwandani likapasuka ndani. Mwashi akasema lazima lipoe siku nzima, kisha lijengwe siku nzima. Kaka yako akapewa Jumamosi na Jumapili, vitu ambavyo hajawahi kuvishika pamoja kwa mkono mmoja. Akarudi nyumbani anacheka peke yake. Nikamuuliza atazifanyia nini. Akasema atalala.

Nikamwambia hulali ng'o.

Najua wewe ukisikia mapumziko unawaza hoteli yenye bwawa na mtu wa kukubebea begi. Sisi wa sindano na unga tunatoa wapi? Lakini nilikuwa nimeshona mashuka ya chuo cha ualimu kilicho nyuma ya kilima, na mama mlezi wa bweni akaniambia kwamba wanafunzi wakifunga, wanakodisha vyumba kwa familia. Vitanda vinne vya chuma, magodoro yapo, mashuka unakuja nayo, jiko ni la wote, na siku ya kuondoka unafagia ulipolala. Bei yake kwa siku mbili haifiki ninayotoza pazia la dirisha moja. Nikamuuliza mara tatu kama amehesabu vizuri.

Kaka yako akaja juu. "Kitanda ninacho, nyumba ninayo, nikalale kwa watu nina kichaa?" Nikamjibu kitanda unacho, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Meneja alikuwa ameshaandika ratiba na kuibandika mlangoni: saa mbili kamili kuondoka, saa tatu kufika, saa tatu na robo kufurahi. Nani angempinga?

Tukaenda kwa miguu, wifi! Mashuka kichwani, sufuria mkononi, mchele na maharage kwenye begi la shule. Ni mwendo wa saa moja tu. Kutoka kwenye uwanja wao unaliona bomba la moshi la kiwanda cha mikate, na siku hiyo halikuwa na moshi. Miaka yote hii nimekaa upande huu wa kilima na sikujua kwamba upande wa pili kuna upepo wa bure.

Chumba cha jirani alikuwamo dereva wa lori, mtu wa mwili, na mkewe, na watoto watano. Salaale, kelele! Wale watoto walikuwa wanapiga mbio barazani na ndoo vichwani, wanagonga milango, wanaitana kama wako soko la samaki. Pini akaziba masikio. Akanivuta nguo, akaninong'oneza: "Mama, hawa baba yao amekufa?" Kwa akili yake, mtoto anayepiga kelele mchana ni yule asiye na baba wa kulala. Nilimwonyesha yule dereva akitandika kitanda huku anaimba. Akamkodolea macho kwa muda mrefu.

Basi, mazoea yana taabu. Ilipofika saa nne mwili wa kaka yako ukakumbuka zamu yake. Alikuwa anatundika taulo, akakaa kitandani dakika moja tu, akazimika. Na sisi, bila hata mmoja kumwambia mwenzake, tukavua viatu, tukavipanga nje ya mlango, tukauvuta mlango polepole, tukakaa barazani kwenye mstari. Meneja alinionyesha kidole kimoja kuuliza chakula. Nikamwonyesha kiganja, asubiri. Tuko mapumzikoni hapo!

Mke wa dereva akapita na beseni la nguo. Akatutazama: mama na watoto wawili, miguu mitupu, vichwa chini, mlango umefungwa. Nilipoinuka kwenda jikoni kuchukua maji, akaweka beseni chini, akainama kwa Pini, akamuuliza kwa sauti ya chini nani yuko ndani. Pini akasema ni baba, amelala, haruhusiwi kuamshwa. Yule mama akauliza, amelala tangu lini?

Pini akafikiri vizuri, maana ni mtoto mkweli, akajibu: "Tangu nilipozaliwa."

Wifi, mimi nilikuwa bado jikoni, hayo nilisimuliwa baadaye. Niliporudi, mke wa dereva akaanza kunipapasa mabega na kuniambia jipe moyo mama, Mungu hamtupi mja wake, miaka sita si mchezo. Nikajibu asante, nikidhani anazungumzia ndoa za watu wa zamu ya usiku. Sikujua kwamba habari imeshazunguka bweni zima kuwa chumba namba tisa kuna mgonjwa wa miaka sita asiyenyanyuka kitandani. Wale watoto watano wakavua viatu. Bweni likawa kimya kabisa. Mama mlezi akaleta uji. Nesi mmoja mstaafu, aliyekuja kupumzika na dada yake, akachukua kile kipimo chake cha presha ambacho inaonekana hata likizo haendi bila hicho. Dereva akavaa shati la mikono mirefu, akaja akasimama mbele ya mlango wetu, akaongoza dua.

Katikati ya dua mlango ukafunguka. Kaka yako huyo, na singlendi yake, anajikuna tumbo, anauliza chai ipo?

Nesi alidondosha kipimo. Dereva alirudi nyuma hatua tatu akakanyaga uji. Mke wake akapiga yowe la shukrani, "Amesimama! Jamani amesimama!", na watoto wake wakaanza kushangilia. Kaka yako naye, kwa heshima zake, akawapungia mkono. Nilipoelewa kilichotokea nilicheka mbavu sina, nikakaa sakafuni. Nikawaeleza yote: mikate, tanuri, zamu. Dereva alicheka mpaka akashika nguzo, na nesi akampima presha dereva.

Asiyecheka sana alikuwa kaka yako. Aliuliza hii ilianzaje, nikamwambia alichosema mtoto. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye ngazi, akasema taratibu, "Tangu alipozaliwa." Halafu akamwita Pini. Pini akaja, akasimama mbali kidogo, akasema shikamoo, akanigeukia kunitazama kama ameruhusiwa kuondoka. Niliona uso wa kaka yako na nikajua kwamba naye kila siku alikuwa anajilaza na wazo lilelile, tena kwenye kitanda kilekile.

Mchana huo tulikula pamoja na kina dereva. Dereva akatangaza sheria: kwenye meza yake, atakayenong'ona anaosha vyombo. Kabla hata chumvi haijazunguka, kaka yako na Pini walikuwa wamehukumiwa. Wakaosha sahani kumi na tisa, bega kwa bega, kimya. Nilijibanza mlangoni. Mwishowe kaka yako akajikaza, akamuuliza: "Uko darasa la ngapi?" Analijua! Yeye ndiye aliyelipa madaftari! Lakini hakuwa na swali lingine. Pini akajibu, "La kwanza, shikamoo." Basi, mazungumzo yakaisha, wakapangusa sahani. Nilikwenda kulala nikijisemea kwamba nimewabeba watu wangu na mashuka yao bure.

Sasa sikiliza Jumapili.

Baada ya chai watoto wa dereva wakataka mchezo wa kujificha, na wakataka na wakubwa wacheze. Sheria yao ni kwamba ukimpata mtu humgusi tu, unamwita kwa sauti, na uwanja mzima usiposikia, haihesabiwi. Meneja akapewa kuhesabu, maana kazi ya kuhesabu watu alizaliwa nayo. Mimi nilijificha nyuma ya mashuka niliyoyashona mwenyewe, wakaniona miguu. Dereva alijificha nyuma ya tangi la maji, lakini tumbo lilitangulia. Nesi alipatikana, mama mlezi akapatikana. Kaka yako hayuko.

Nusu saa ikapita. Bweni lina vyumba arobaini, na bado kuna stoo, bafu na ukumbi. Wote tukawa tunamwita, watoto wanapiga kelele, mama mlezi anagonga kengele ya chuo. Kimya. Meneja akasema ratiba imeharibika. Mimi nikaanza kuingiwa na wasiwasi, nikatazama saa, ilikuwa saa nne na kitu, ndipo nikaelewa: popote alipojificha, usingizi umemkuta hukohuko.

Pini akanivuta nguo. Alikuwa amenyanyua kiganja, ile ishara yetu ya kunyamaza. Wifi, mtoto huyu wa kujificha nyuma ya sketi alisimama katikati ya baraza, akawageukia watu wote na kiganja chake kile, mmoja baada ya mwingine, mpaka dereva naye akafunga mdomo. Kengele ikashikwa isilie. Akavua viatu. Akaanza kupita mlango kwa mlango, anaweka sikio, anatikisa kichwa, anaendelea. Tukamfuata kwa vidole vya miguu, watu kumi na wanne. Meneja akamuuliza kwa kunong'ona anatafuta nini. Akajibu: "Baba anaanza kukoroma kidogo, halafu anasita, halafu anapuliza kama anapoza chai. Halafu anasema 'mmh'. Si kama wengine."

Mimi mke wake sijui hayo. Nilalapo yeye yuko kazini, na alalapo mimi niko kwenye cherehani. Mtoto ndiye aliyekaa nje ya mlango ule miaka sita akimsikiliza. Nilidhani anamwogopa. Kumbe alikuwa anamjua kwa njia pekee niliyomwachia.

Mlango wa ishirini na saba ulikuwa wa stoo ya magodoro. Pini akaweka sikio, akatabasamu, pengo lote nje. Tukafungua. Kaka yako alikuwa amejichimbia nyuma ya magodoro yaliyorundikwa mpaka darini, mdomo wazi, anapuliza chai yake.

Na hapo Pini akakwama. Alisimama juu ya baba yake, akanigeukia. Sheria ya mchezo inasema aite. Sheria yangu inasema nini, unaijua. Nikaona aibu ya miaka sita ikinipanda usoni, mbele za watu. Nikamwambia mwamshe. Akanong'ona, "Kweli?" Nikasema kweli mama, tena kwa nguvu.

Wifi, sijui sauti ile ilikuwa imewekwa wapi katika kale kamwili. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapiga: "BABAAA! NIMEKUPATAAA!"

Kaka yako aliruka, akagonga rundo, magodoro yote yakawaangukia wawili. Halafu chini ya magodoro ikatoka "NAAAM!" ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe. Kiwandani kwao mashine ya kukandia inanguruma, lazima mtu apaze sauti, na wenzake wanamwita Honi. Mimi nilidhani ni utani. Siku hiyo nikaisikia honi yenyewe, na madirisha yakaisikia. Nikaogopa mtoto atalia. Badala yake tukamsikia Pini akicheka humo ndani, cheko la tumboni, akapiga tena, "BABA!", na yeye akajibu tena, "NAAM, PINI!", na wakaendelea hivyo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Dereva alitaka kuinua magodoro, nikamshika mkono nikamwambia waache kwanza. Nililia, wifi, sikufichi. Nesi akanipima presha.

Kurudi nyumbani walitangulia wawili mbele, wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu nani alimpata nani. Meneja alinilalamikia kwamba kelele hazikuwa kwenye ratiba.

Usidhani nimegeuza dunia. Tanuri limepona, mikate haijioki, na kaka yako amerudi zamu ya usiku kama kawaida. Siku za kazi bado tunavua viatu. Lakini mwezi wa kumi na mbili ukija, acha kunitajia hoteli. Nimeshamwambia mama mlezi atuwekee vyumba viwili vinavyotazamana, na kina dereva wamesema nao watakuwapo. Njoo na mashuka yako. Usipokuwa nayo, nakushonea.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mkwewe anamwombea magoti yote mawili. Wabusu mapacha. Shemeji mpe pole ya jiko. Meneja anamsalimu shangazi yake na anauliza mbona barua zako hazina tarehe. Mungu awafunike huko mliko, awape riziki na usingizi wa kutosha.

Naishia hapa, kwa sababu ni saa tisa kasoro dakika moja. Kaka yako mwenyewe ametoa amri kwamba kila Jumamosi, saa tisa kamili, aamshwe na Pini na si mtu mwingine. Yuko mlangoni sasa hivi, amenyanyua mabega, anavuta pumzi, na jirani ameshafunga dirisha. Kama mtasikia kitu huko mliko, msishtuke. Ni mtoto anamwita baba yake.

Ni mimi, wifi yako, fundi wa mashuka na wa mapenzi yasiyochanika,

Mama Meneja na Pini